Muislamu anaweza kuzuru Tirumala? Na mali yote ile inakwenda wapi?

SWALI: Assalaam alaikum mwalimu. Mimi ni mwanamke wa Tanga. Mwezi ujao nampeleka mama Chennai kufanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo, na tutakaa huko wiki kadhaa. Jirani yetu Mhindu ananiambia nisirudi bila kufika Tirupati, kwenye hekalu tajiri kuliko yote, ambako watu wananyolewa vichwa na mungu wao ana deni. Je, mimi Muislamu naruhusiwa kuingia? Nitaona nini huko? Na mali yote hiyo inakwenda wapi, wakati nje kuna maskini?

JIBU: Wa alaikum salaam dada yangu. Mungu amjaalie mama upasuaji wa heri na apone upesi. Jirani yako amekushauri vizuri, ila ameacha jambo moja ambalo ni afadhali ulijue ukiwa bado Tanga kuliko kuambiwa mlangoni umeshapanda mlima. Naanza na hilo.

Asiye Mhindu anayetaka kuingia ndani ya hekalu lenyewe hutakiwa ajaze fomu na kutia saini. Fomu inasema kwamba mwenye kusaini ana imani na Venkateswara, mungu anayeabudiwa pale, na anaomba aruhusiwe kumwona. Hayati A. P. J. Abdul Kalam, Muislamu wa Tamil Nadu, alipozuru Tirumala akiwa rais wa India alisaini kama wanavyosaini wengine. Wapo wanaoiona fomu hiyo kuwa ni adabu tu ya mgeni kwa mwenye nyumba. Mimi naisoma kama ilivyoandikwa. Ushauri wangu ni kwamba usitie saini maneno usiyoyaamini. Kwako wewe ni tamko la imani, na kwa wenyeji pia karatasi ile si mchezo, kwa hiyo ukisaini bila kuamini utakuwa umejikosea mwenyewe na umewakosea wao. Lakini bado nakwambia nenda. Mengi yanayoufanya mji ule uwe kama ulivyo yako nje ya ukuta wa hekalu, na kuyaona hakuhitaji fomu yoyote.

Tuweke majina sawa. Tirupati ni mji wa bondeni, jimbo la Andhra Pradesh, kiasi cha kilomita 140 kutoka Chennai. Hekalu liko Tirumala, mji mwingine kabisa juu ya mlima, karibu mita 850 kutoka usawa wa bahari, katikati ya msitu. Juu kule kila kitu kinaendeshwa na shirika la hekalu, linalojulikana kwa herufi zake TTD: nyumba za kulala wageni, mabasi ya bure ya kuzunguka mji, maji, jikoni, hospitali, usalama. Kabla ya kupanda, gari linasimamishwa Alipiri, chini ya mlima, na mizigo inakaguliwa. Pombe, sigara na nyama havipandi. Hata mwanamke mwenye maua kichwani huombwa ayatoe, kwa sababu kule juu maua yote ni ya mungu.

Sasa hilo deni. Wahindu wa kule husimulia kwamba Vishnu, mmoja wa miungu wao wakuu, alishuka duniani, akakaa kwenye mlima huo kwa jina la Srinivasa, ndiye huyo Venkateswara, akampenda Padmavati, binti wa mfalme. Hakuwa na mali ya kufanyia harusi. Akakopa kwa Kubera, mtunza hazina wa miungu, kwa ahadi kwamba atalipa riba mpaka mwisho wa zama hizi. Anayetia fedha kwenye hundi, yaani chombo kikubwa cha sadaka ndani ya hekalu, anamsaidia mungu wake kulipa. Naye aliyesaidiwa hamsahau aliyemsaidia.

Usiichukulie kuwa ngano ya kuchekesha watoto, maana mji mzima unaendeshwa na hadithi hiyo. Watu wa pwani tunaijua nadhiri, kwa hiyo hutapata shida kuelewa. Mama ambaye mtoto wake ameshikwa na homa kali anachukua sarafu, anaifunga kwenye kitambaa kilichopakwa manjano, anakiweka mahali pa ibada nyumbani na kuahidi: mtoto akipona, tutakwenda Tirumala. Kifurushi kile hakifunguliwi, hata nyumbani pakikosekana chumvi. Inaweza kupita miaka. Siku familia ikipata nauli, kifurushi kinakwenda kutiwa kwenye hundi kikiwa na fundo lake lilelile. Wengine hula kiapo kizito zaidi: kila pambo litakalokuwa mwilini siku ya kufika, mkufu, bangili, hereni, pete, litavuliwa na kuachwa pale. Ukitaka kujua utajiri wa Tirumala umetoka wapi, umetoka kwenye ahadi za namna hiyo, na nyingi ni za watu wenye kipato kidogo. Matajiri nao wanatoa, tena kwa kilo za dhahabu, na majina yao hutajwa magazetini. Ila kinachoijaza hundi kila siku ni noti za kukunjwakunjwa za watu wasiotajwa.

Kwa hiyo ukifika, anzia kwa vinyozi. Jengo lao linaitwa Kalyanakatta. Wanafanya kazi kwa zamu mchana na usiku, wanaume kwa wanawake, na wateja wao hawalipi kitu. Mtu anakaa sakafuni, analowesha kichwa, kinyozi anachukua nusu ya wembe mpya na kuanza kisogoni. Utaona baba mzima, mkewe mwenye nywele za kufika kiunoni, na kichanga kinacholia mapajani mwa bibi yake, wote wakitoka pale na vichwa vinavyong'aa, kisha wanapakwa liwa ya msandali, ya manjano na baridi. Mwanamke asiyetaka kunyoa kipara anakatwa vishungi vitatu tu, na nadhiri yake imetimia. Ninachokuomba uangalie ni nyuso zao. Msichana wa Kihindi analelewa kuzitunza nywele zake kama mali, na pale anaziacha bila kugeuka nyuma. Mama aliyeomba mtoto apone na akapona haoni kwamba amepoteza kitu.

Nywele hizo zinakusanywa, zinachambuliwa kwa urefu, kisha zinauzwa kwa mnada wa mtandaoni. Ndefu zinakwenda kutengenezwa mawigi na nywele za kuunganishia, na soko lake ni dunia nzima. Mwaka 2004 rabi Yosef Shalom Elyashiv wa Jerusalem alitoa hukumu kwamba wanawake wa Kiyahudi wasivae mawigi ya nywele zilizotolewa katika ibada hiyo, na wengine wakayachoma moto barabarani Brooklyn. Nakutajia kwa sababu hata huku kwetu tunanunua nywele za binadamu zinazoitwa za Kihindi bila kuuliza zilikotoka.

Ndani ya hekalu, kwa kuwa pengine hutaingia, nikueleze kwa ufupi. Mahujaji wa foleni ya bure huingizwa kwanza kwenye kumbi kubwa za kusubiria, mlango unafungwa, na humo wanakaa saa nyingi. Siku za msongamano huweza kupita hata saa 20. Wanaletewa chakula na maziwa. Zamu ikifika foleni inasogea, watu wanapaza sauti "Govinda! Govinda!", jina jingine la mungu wao, wanapita mlango uliofunikwa dhahabu, na kwa mbali, ndani ya chumba kinachoangazwa na taa za mafuta, wanaiona sanamu nyeusi iliyosimama, imejaa mashada na vito, na macho yake yamezibwa kwa alama kubwa nyeupe ya kafuri. Wanachopata ni sekunde chache. Wahudumu wanawasukuma kwa mkono wakisema "jarugandi, jarugandi", yaani sogeeni. Mtu aliyesafiri siku mbili kwa treni na kusubiri usiku kucha anatoka analia kwa furaha. Simu na kamera haziingii, kwa hiyo picha za ndani hutazipata kwa mtu yeyote.

Kutoka humo wanapita kwenye hundi, na yaliyomo yanapelekwa kuhesabiwa kwenye ukumbi uitwao Parakamani. Wahesabuji huvaa nguo zisizo na mifuko. Noti zinapangwa, sarafu zinachekechwa, dhahabu na fedha vinatengwa, na wapo wenye kazi ya kutenganisha fedha za kigeni tu, maana Wahindu walioko ughaibuni nao huja na nadhiri zao.

Umeuliza kama kweli hekalu hili ni tajiri kuliko yote. Kubishania nafasi ya kwanza hakuna faida sana. Mwaka 2011, kwa amri ya Mahakama ya Juu ya India, vyumba vya chini vya hekalu la Padmanabhaswamy kule Thiruvananthapuram vilifunguliwa, na thamani ya dhahabu iliyokutwa humo ikakisiwa kuwa kubwa kuliko ya hekalu jingine lolote. Lakini dhahabu ile ilikuwa imelala gizani. Ya Tirumala inazunguka. Mwaka 2022 TTD ilitangaza kwamba ina zaidi ya rupia bilioni 159 kwenye amana za benki, na dhahabu zaidi ya tani 10 iliyowekwa benki vilevile. Bajeti yake ya mwaka 2024/25 ilipita rupia bilioni 51. Hundi peke yake ilitarajiwa kuingiza kiasi cha bilioni 16, na riba ya benki zaidi ya bilioni 11. Zipo serikali za miji zisizoona fedha kama hizo.

Na tabia hiyo ya kuzungusha mali ni ya zamani. Kuta za hekalu hili na za mahekalu mengine ya bondeni zimechongwa maandishi zaidi ya 1,000, mengi ya enzi ya ufalme wa Vijayanagara. Krishnadevaraya, mfalme wake mashuhuri aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1529, alikuja Tirumala mara 7, akaleta vito na dhahabu ya kufunikia paa la chumba kitakatifu. Sanamu yake na za wake zake wawili bado zimesimama pale, viganja vimekutanishwa. Mimi hayo ya mfalme hayanivutii kama maandishi madogomadogo ya watu wa kawaida na wafanyabiashara. Yanaeleza kwamba mtu alitoa kiasi fulani cha fedha. Hekalu likazitumia kuchimba mifereji na mabwawa ya umwagiliaji katika vijiji vyake. Mavuno ya ziada yaliyotokana na maji hayo yakawa ya kupikia chakula cha ibada kila siku kwa jina la mtoaji. Na chakula hicho kikagawiwa kwa mafungu yaliyoandikwa, hili la mtoaji, lile la watumishi, jingine la mahujaji. Fedha zilikwenda shambani zikarudi zikiwa wali. Hiyo ilikuwa karne ya 15 na 16, na mimi sijaona mahali pengine palipoandika hesabu hizo juu ya mawe kwa uwazi namna hiyo.

Baadaye fedha hizo zikawavutia watawala. Nawabu wa Arcot alikusanya mapato ya hekalu, kisha ikaja Kampuni ya Waingereza ya East India, iliyoyasimamia mpaka 1843, yalipokabidhiwa watawa wa nyumba ya Hathiramji. Sheria ya mwaka 1932 ndiyo iliyozaa TTD, na mpaka leo bodi yake inateuliwa na serikali ya jimbo.

Sasa maskini wa nje. Nitakujibu bila kuwatetea wala kuwasengenya. Fedha nyingi zinakwenda kwenye mishahara ya maelfu ya wafanyakazi na kwenye kuuendesha mji wenyewe. Nyingine zinaendesha shule, vyuo, hospitali. Wewe unayempeleka mama kwa ajili ya moyo, ujue kwamba Tirupati mjini, tangu Oktoba 2021, ipo hospitali ya TTD ya moyo kwa watoto, inayofanya upasuaji kwa watoto wa familia zisizojiweza. Juu mlimani lipo jumba la chakula linaloitwa kwa jina la mshairi Tarigonda Vengamamba: wali, sambar (mchuzi wa dengu), mboga, chatne, kwa yeyote anayeingia, bila kuulizwa dini wala tabaka, na bila malipo. Maelfu kwa maelfu hula hapo kila siku. Nenda ukaone walivyokaa safu moja, mtu wa benki na mtu wa jembe.

Yanayonikera ni mengine. Anayechangia rupia 10,000 kwenye mfuko mmoja wa hekalu hupata haki ya tiketi ya kupita njia fupi na kuiona sanamu kwa karibu zaidi, wakati aliyenyoa nywele zake kwa nadhiri ya miaka 5 amefungiwa ukumbini anasubiri. Wanasema fedha hizo zinajenga mahekalu vijijini. Hata hivyo, mbele ya mungu yuleyule, naona ni dhuluma kwa yule wa foleni ndefu. Siasa nayo imeingia. Septemba 2024 serikali mpya ya jimbo ilidai kwamba samli iliyotumika chini ya waliotangulia ilichanganywa na mafuta ya wanyama. Samli hiyo ni ya ladu, tamtam ya Tirupati unayoijua hata Tanga kwa sura: unga wa dengu, sukari, samli, korosho, iliki, zabibu kavu, ila ya kule ni kubwa na ina hati ya kulindwa jina lake tangu 2009. Waumini walichafukwa roho. Mahakama ya Juu ya India iliwaambia wanasiasa waiache miungu nje ya siasa, ikaunda timu maalumu ya uchunguzi. Na wewe ukipewa ladu, fahamu kwamba imekwishatolewa mbele ya sanamu kabla ya kugawiwa, na chakula cha lile jumba vilevile ni cha baraka ya hekalu. Kula au kutokula ni lako na sheikh wako. Ukikataa kwa upole, mkono kifuani, hakuna atakayekukasirikia.

Tena usidhani utakuwa Muislamu wa kwanza kuhusika na mlima ule. Kila Jumanne hufanyika ibada kwa maua 108 ya dhahabu, nayo yaliletwa mwaka 1984 na Muislamu mmoja wa Guntur. Na kule Kadapa, kwenye hekalu la mungu huyohuyo, siku ya mwaka mpya wa Kitelugu Waislamu huja na zawadi, kwa masimulizi kwamba Bibi Nanchari, mmoja wa wake zake, alikuwa binti wa Kiislamu, hivyo mungu huyo ni mkwe wao. Sikwambii ufanye kama wao. Nataka ujue unapokwenda watu wamekwishazoeana.

Kwa safari yenyewe, mama mwache Chennai na ndugu mwingine. Mlima, baridi ya usiku na msukumano ule si vya mtu aliyetoka kupasuliwa kifua, na hata kabla ya upasuaji simshauri. Panda treni ya asubuhi kutoka Chennai, zipo zinazofika kwa saa tatu na kitu. Epuka Jumamosi na Jumapili, sikukuu ya Brahmotsavam ya Septemba au Oktoba, na zaidi ya yote Vaikunta Ekadashi, inayoangukia Desemba au Januari: usiku wa tarehe 8 Januari 2025 watu 6 walikufa Tirupati kwa kukanyagana wakigombea tokeni za kuingia hekaluni siku hiyo. Chukua pasipoti halisi na viza, maana hoteli lazima zimsajili mgeni. Vaa nguo ndefu za kukusitiri, jambo ambalo kwako si geni. Sala ziswali mjini Tirupati, misikiti ipo. Juu mlimani ibada na mahubiri ya dini nyingine hairuhusiwi, basi usitandike mswala hadharani.

Kupanda, nenda kwa basi. Ila kabla yake simama Alipiri, kwenye ngazi za kale ambazo mahujaji hupanda kwa miguu, zaidi ya 3,500 mpaka juu. Panda chache tu. Utawakuta wanawake wamejiinamia, kila ngazi wanaipaka manjano na unga mwekundu kwa vidole vitatu, ngazi baada ya ngazi, mgongo haunyooki. Usipande peke yako mpaka mbali: msitu ule una chui, na Agosti 2023 aliua mtoto kwenye njia hiyo, tangu hapo wapandaji wakawa wanagawiwa fimbo na kwenda kwa makundi.

Ukirudi chini ukabakiwa na saa mbili, usizimalizie madukani. Kodi bajaji mpaka Chandragiri, kilomita kama 15. Kuna ngome na jumba la wafalme wa Vijayanagara, ambao ufalme wao hatimaye ulihamia huko baada ya kushindwa vitani mwaka 1565. Ni enzi hiyo, mwaka 1639, Kampuni ya Waingereza ilipopewa kipande cha pwani ya mchanga kujenga kituo chake, na kituo hicho ndicho kilichokuwa Madras, Chennai ya leo. Jumba limegeuzwa makumbusho, ni kimya, na hakuna anayekusukuma. Treni za jioni za kurudi Chennai hujaa mapema, kwa hiyo kata tiketi ya kwenda na kurudi kwa pamoja.